Usiandike "Hakuna": CV ya Kijana wa Kompyuta Aliyekulia Kambini

 

Mwezi huu nataka tuongee habari ya CV, ile karatasi ya kuombea kazi, hasa kwa watoto wetu waliosomea kompyuta. Najua kuna mama atakayesema, "Hiyo si habari yangu, mimi hata namba ya simu mtoto ndiye ananibonyezea." Ngoja kidogo, mama. Habari hii ni ya nyumba nzima. Tangu mwaka 2025, WFP ilipopunguza sana posho kwa kukosa fedha, hakuna nyumba ambayo haijajiuliza nani ataleta unga. Na katika nyumba nyingi macho yanamgeukia yule kijana ambaye cheti chake cha kompyuta kimelala ndani ya sanduku.

Mimi ni msaidizi katika maabara ya kompyuta hapa kambini, kwa miaka kadhaa sasa. Asubuhi nawasha mashini, napuliza vumbi, naangalia kama betri za sola zimejaa. Mchana vijana wananiletea CV zao niziangalie kabla hawajazituma. Nimesoma nyingi. Karibu zote zina ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe si Kiingereza kibovu. Ni kwamba mwenye CV hayumo ndani. Kuna jina lake, kuna shule, kuna kabila, kuna dini, lakini yule kijana ninayemjua mimi, anayefufua simu iliyoingia maji, anayejua kwa nini intaneti imekatika hata kabla hujamaliza kumwambia, huyo humwoni mahali.

Nitawapa mfano wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kwa ruhusa yake. Alikuja na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yake amevaa suti ya kuazima, majina ya baba na mama, kijiji cha kuzaliwa, eneo, wilaya, jimbo, hali ya ndoa, idadi ya ndugu na dini. Hivyo ndivyo wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tulivyofundishwa kule Kongo, kuanza na état civil. Ukurasa wa pili ulikuwa na shule. Halafu mahali pa kazi alizofanya, neno moja tu: "Hakuna."

Nikamwuliza, "Hakuna vipi?"

"Mjomba, niandike nini? Miaka yote hii nilikuwa tu hapa kambini."

"Nani alivuta waya wa mtandao kutoka ofisi ya mwalimu mkuu mpaka maabara ya shule yenu?"

"Ni mimi na mwenzangu."

"Na zile kompyuta za shule, zikiharibika wanamwita nani?"

"Mimi. Lakini mjomba, ile si kazi. Ile ni insentivu tu."

Insentivu tu. Ndugu zangu, maneno hayo mawili yamewanyima chakula vijana wengi. Nyote mnajua maana yake: mkimbizi anayefanya kazi na shirika hapa kambini halipwi mshahara kama mfanyakazi mwingine, anapewa kiposho kinachoitwa insentivu. Basi kwa kuwa pesa ni ndogo, tumefikiri na kazi yenyewe ni ndogo. Si kweli. Jina la malipo si jina la kazi. Mwalimu wa insentivu ni mwalimu, mkunga wa insentivu anazalisha watoto walewale. Na fundi wa mtandao wa insentivu, akiunganisha waya vibaya, mtandao hautawaka, hata kama analipwa kidogo namna gani.

Tukakaa chini ya kivuli, mimi na yeye na dada yangu akichambua mboga pembeni. Nikamwambia aachane kwanza na Kiingereza, anieleze kwa Kiswahili alifanya nini siku ile ya waya, mwanzo mpaka mwisho, kama anamwelezea mama yake. Akaanza. Umbali kutoka ofisi mpaka maabara ulikuwa kama mita 140. Waya wa namna ile, kutoka kifaa kimoja mpaka kingine, haupaswi kuzidi mita 100. Basi wakaweka swichi katikati, kwenye stoo ya shule. Wakapitisha waya ndani ya bomba ili jua na panya wasiuharibu. Vichwa vya waya wakabana wenyewe kwa koleo. Ndani ya waya mna nyuzi nane, na mpangilio aliukariri kama mtoto anayekariri sala: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Mwisho wakapima kompyuta moja moja mpaka zote 24 zikapata mtandao.

Dada yangu akaacha mboga. Akasema, "Kumbe ndo ulikuwa unafanya hayo? Mimi nilijua unaenda kuchezea mashini."

Hapo ndipo CV ilipoanzia. Habari ile tuliifupisha, kisha tukaigeuza kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: "Niliunganisha mtandao wa waya wa mita 140 kati ya ofisi na maabara ya shule, nikaweka swichi, nikabana vichwa, nikapima kompyuta 24." Angalieni jinsi mstari huo ulivyo. Unaanza na tendo. Una hesabu. Unaonyesha kazi ilifika mwisho. Mtu wa Nairobi au wa Ulaya anayeusoma hajui Kakuma, hamjui mwalimu mkuu wetu, lakini mita 140 na kompyuta 24 anazijua. Akiwa fundi, ataelewa mara moja kwa nini swichi ilihitajika, na atajua aliyeandika amegusa waya kwa mikono yake.

Linganisheni na kile ninachokiona katika CV nyingi: "Mimi ni mtu mwenye bidii, mwaminifu, ninayejua kompyuta." Nani atakayeandika kwamba yeye ni mvivu? Na "kujua kompyuta" ni sawa na kusema "najua dawa." Dawa gani? Za malaria au za mbuzi? Kama unajua kuandika barua na kupanga hesabu kwenye Excel, sema hivyo. Kama unajua kuweka upya mfumo wa Windows au Linux, sema hivyo. Kama unatengeneza simu, sema ni kubadilisha vioo na betri tu, au unachomelea mpaka ndani ya bodi. Kazi za kompyuta ziko nyingi. Kuna anayesaidia watumiaji, kuna fundi wa mitandao, kuna mwandishi wa programu, kuna mwingiza takwimu. Anayeajiri anatafuta mmoja wao, hatafuti "kompyuta" nzima.

Kitu cha pili tulikipata kwa bahati. Mpwa wangu alikuwa na daftari la mistari la kurasa 96. Kila kompyuta ya shule ilipoharibika aliandika tarehe, namba ya mashini, ugonjwa, na dawa aliyoitumia. "Mashini namba 7, haiwaki, vumbi kwenye RAM, nimesafisha kwa kifutio, imewaka." Kwa miaka miwili alikuwa ameandika hitilafu 212. Nikamwuliza kwa nini hakulitaja. Akasema ni daftari tu. Na dada yangu akakiri kwamba alikuwa amelitenga kwenye makaratasi ya kuwashia jiko!

Sasa sikilizeni. Katika ofisi kubwa kuna programu maalumu ya kufanya kazi hiyohiyo. Tatizo likija linaandikwa, linapewa namba, linafuatiliwa mpaka lifungwe. Wanaliita tiketi. Kijana aliyefanya hivyo kwa kalamu na daftari, bila kuambiwa na mtu, ameshajifunza nusu ya kazi ya dawati la msaada. Basi nayo ikaandikwa: "Kwa miaka 2 nilihudumia kompyuta 24, nikaandika na kutatua hitilafu 212." Hakuna uongo hata kidogo. Na akiulizwa, daftari lipo.

Baada ya kuongeza, tukapunguza. Picha tukatoa, maana CV za Kiingereza hazihitaji picha isipokuwa tangazo limeomba. Majina ya wazazi, dini, kabila, hali ya ndoa, vyote tukatoa. Na tarehe ya kuzaliwa? Hapa wengi mtacheka, lakini kicheko cha uchungu. Tuko wangapi humu kambini tuliozaliwa tarehe 1 Januari? Mtu alifika mpakani bila karatasi, akajua mwaka tu, aliyemsajili akaandika 01/01. Sasa ukoo mzima unasherehekea siku moja! Kwenye CV tarehe hiyo haina kazi. Iache mpaka watakapoiomba.

Na jambo hili ni la usalama: namba ya manifesti, namba ya faili lako la ukimbizi, na sababu zilizokufanya ukimbie, hivyo visiingie kwenye CV hata siku moja. CV inasafiri. Leo iko kwa meneja, kesho iko kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Wengine wetu tuna watu wanaotutafuta kwa ubaya. Jina, simu, imeli, na mji, vinatosha.

Kuhusu jina, kuna ugonjwa wetu mwingine. Kwenye manifesti umeandikwa kwa R, kwenye cheti cha shule umeandikwa kwa L, kwenye cheti cha kompyuta jina la baba limekuja mbele. Kwetu sisi ni mtu mmoja, lakini kwa mwajiri ni watu watatu. Chagua jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, ulitumie hilohilo kwenye CV, kwenye imeli na kwenye kila kozi mpya unayojiandikisha. Na imeli yenyewe iwe na jina lako. Zile imeli za utani mlizofungua mkiwa shule ya msingi, muwaachie marafiki.

Sasa nije kwenye jambo lililotugombanisha, mimi na dada yangu. Alisema, "Futa hilo neno Kakuma. Wakiona Kakuma wataitupa." Mimi nikasema libaki. Sikumcheka, maana hofu yake ina mizizi. Anajua watu waliotuma barua wasijibiwe, na sisi sote tumewahi kuangaliwa kwa jicho lile baada ya kutaja tunapokaa. Lakini nikamwuliza: tukifuta Kakuma, tutaandika mita 140 zilivutwa wapi? Shule gani? Mwalimu mkuu gani atapigiwa simu athibitishe? Ukifuta mahali, umefuta na kazi. Unabaki tena na lile neno "Hakuna."

Tukaelewana hivi. Neno "mkimbizi" si cheo wala si ujuzi, halilazimiki kuandikwa juu ya CV. Lakini "Kakuma, Turkana, Kenya" ni mahali kama mahali pengine. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992. Ina shule, ina hospitali, ina maduka, na mahali pote hapo kuna mashini zinazoharibika na kutengenezwa. Aliyeweza kuitunza kompyuta kwenye vumbi hili na umeme huu wa sola anaweza kuitunza ofisini penye feni.

Na mkiulizwa juu ya haki ya kufanya kazi, msibabaike. Jifunzeni sheria. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa au kufanya biashara na taaluma yake, akiwa na sifa zinazotambuliwa na mamlaka za Kenya. Kibali cha kazi cha mkimbizi kinaitwa daraja la M. Sikudanganyi kwamba kupata kibali ni rahisi, wala kwamba kutoka kambini kwenda mahojiano ni kama kwenda sokoni. Lakini kijana anayeweza kumjibu mwajiri, "Sheria inaniruhusu, na kibali ninachohitaji ni hiki," ni tofauti na kijana anayeinamisha kichwa. Kwa ndugu zetu walioko nchi nyingine jirani, sheria si moja. Uganda kwa mfano, sheria yao ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Ulizeni kwa wanaotoa msaada wa sheria hapo mlipo kabla hamjajaza fomu.

Tuje kwenye vyeti. Kuna mzee aliniambia, "Mwanangu alipata Diplôme d'État Kongo, ikaungua na nyumba. Sasa ataandika nini?" Aandike kwamba aliipata, mwaka gani, sehemu gani ya masomo, na shule gani. Kuunguliwa na karatasi si kutosoma. Akiulizwa, aseme ukweli kwamba nakala imepotea, na aanze kutafuta njia ya kupata uthibitisho.

Lakini katika kazi za kompyuta kuna nafuu ambayo daktari au mwanasheria hana. Fani hii inakubali sana mtu aonyeshe anachoweza. Kuna kozi za Cisco Networking Academy, mpango ulioanza mwaka 1997, na nyingine zinasomwa bure kwenye intaneti. Kuna freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, inafundisha kuandika programu bila malipo. Kuna cheti cha Google cha msaada wa kompyuta, kilichoanza mwaka 2018. Kuna mtihani wa CompTIA A+, ambao una sehemu mbili na ni wa kulipia, lakini hata kusoma muhtasari wake tu kunakuonyesha fundi wa kompyuta anatakiwa ajue nini. Kwa anayeandika programu, aweke kazi zake kwenye GitHub na kiungo chake kiwe juu ya CV. Tovuti ndogo ya kwaya au ya duka la jirani, ikifunguka vizuri kwenye simu, inasema mengi kuliko mistari kumi ya sifa.

Nyote mnaitumia WhatsApp kuongea na ndugu zetu walioko Bukavu, Bujumbura, Australia na Marekani. Mmoja wa waanzilishi wake, Jan Koum, alizaliwa Kyiv, Ukraine, akafika Marekani na mama yake mwaka 1992, akiwa kijana wa miaka 16. Alifagia duka la vyakula. Mambo ya mitandao ya kompyuta alijifunza kwa vitabu vilivyokwisha tumika. Anakinunua, anakisoma, anakirudisha dukani. Chuo kikuu hakumaliza. Mwaka 1997 kampuni ya Yahoo ikamwajiri, mwaka 2009 WhatsApp ikaanza, na mwaka 2014 Facebook ikainunua. Simwelezi ili kila mtoto ajione tajiri wa kesho. Nataka tu muone kwamba katika fani hii mtu aliweza kuingia kwa ujuzi alioutafuta mwenyewe, na kufagia duka hakukuwa aibu katika historia yake.

Neno gumu sasa. Msiongeze uongo. Najua njaa inavyoongea. Inasema, "Andika unajua Python, andika miaka mitano, nani atajua?" Atajua. Mahojiano ya kompyuta hayafanani na ya kazi nyingine. Watakuwekea mashini mbele, au watakuuliza kwa simu: "Mtumiaji hapati mtandao, lakini jirani yake anapata. Utaanza kuangalia nini?" Aliyefanya kazi atajibu bila kufikiri. Nitaangalia waya umechomekwa, taa zinawaka, kompyuta imepewa anwani, halafu nitajaribu kuifikia ruta. Aliyedanganya atakaa kimya, na ukimya huo utaharibu hata yale ya kweli aliyoandika. Binti mmoja wa bloku yetu alihudhuria mafunzo ya siku chache ya kuandika programu. Wenzake wote waliandika "mtaalamu". Yeye akaandika "nimeanza kujifunza, na hii hapa programu yangu ya kwanza ya kuhesabu mauzo ya genge la mama." Aliitwa yeye. Aliyemhoji alimwambia alitaka kuona hiyo programu ya genge.

Na umbo la karatasi nalo lina maana. Kampuni nyingi kubwa siku hizi CV inasomwa kwanza na programu, kabla ya jicho la mtu. Programu hiyo inatafuta maneno yaliyo kwenye tangazo. Kama tangazo limesema "kuhudumia ruta na swichi", na wewe umezihudumia kweli, tumia maneno hayohayo. Usiweke majedwali, maboksi na rangi rangi, maana programu inaweza kushindwa kuyasoma. Herufi ziwe za kawaida. Kijana ambaye bado ana miaka michache ya kazi, ukurasa mmoja unatosha. Hifadhi kama PDF kama hawakuomba aina nyingine, na faili ulipe jina lako, usitume faili linaloitwa "CV mpya ya mwisho 3". Kila tangazo lisomwe, na CV irekebishwe kidogo kulingana nalo. Ndiyo, inachosha ukiwa unaandikia kwenye simu. Ndo maana ni heri kutuma tano zilizotengenezwa vizuri kuliko hamsini zilizofanana.

Wadhamini wawili au watatu waombwe ruhusa kwanza. Mwalimu aliyehama kambi na simu yake haipatikani, huyo si mdhamini tena.

Kabla sijasahau, tahadhari kwa nyumba nzima. CV nzuri inavutia hata fisi. Hakuna mwajiri wa kweli anayekudai pesa ya fomu, ya mafunzo au ya kuharakisha. Umoja wa Mataifa na mashirika yake hawatozi ada yoyote katika kuajiri. Na jihadharini sana na kazi za kompyuta za nchi za mbali zenye mshahara mnono, tiketi ya bure, na haraka haraka. Mwezi wa nane mwaka 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar na kama 100,000 huko Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walivutwa na matangazo ya kazi nzuri, na Wakenya wamo miongoni mwa waliookolewa. Kijana akipata ujumbe wa namna hiyo, auonyeshe nyumbani kwanza.

Mtauliza mpwa wangu aliishia wapi. Alituma CV ile sehemu kumi na moja. Tisa hazikujibu mpaka leo. Moja ilimhoji kwa simu, ikamchukua mwingine. Ya mwisho ilimpa mkataba wa miezi mitatu wa kutunza tableti na ruta za mradi mmoja, na baadaye wakauongeza. Si utajiri. Lakini dada yangu analipa deni la duka kila mwisho wa mwezi, na mwenye duka siku hizi anamsalimia kwa jina.

Wazazi, nawaachia kazi tatu nanyi. Ya kwanza, kila cheti, kila barua ya shukrani, kila mkataba wa insentivu, viwekwe ndani ya mfuko wa nailoni mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa, na vipigwe picha vikatunzwe kwenye imeli ya mtoto. Ya pili, msiwashie jiko madaftari ya watoto bila kuuliza. Ya tatu, na ndiyo kubwa, jioni mmoja mketi na kijana wenu mumwambie, "Tueleze unachofanya kwenye hizo mashini." Msimkatize. Muulizeni zilikuwa ngapi, zilikuwa na ugonjwa gani, alizipataje. Mwenzake akae na kalamu aandike. Mkimaliza mtakuwa na CV, imebaki kuigeuza Kiingereza tu, na hilo mtatukuta maabara tuwasaidie, siku za kazi baada ya saa nane mchana.

Miaka tuliyoishi hapa hatukuichagua. Lakini tumeifanyia kazi. Basi iandikwe.